Kidevu cha Jemedari

Fundi makochi wa mtaa ule alikuwa na kazi ya pili isiyomletea chochote ila kelele: kila Jumapili alasiri alijisema vibaya mbele ya watu. Meza ya kukatia vitambaa ilisukumwa ukutani, makochi ambayo wenyewe walikuwa hawajayafuata yakageuzwa yatazame televisheni, na watu wakakaa juu ya sponji, juu ya magunia ya sufi, popote palipokalika. Mkewe, ambaye siku nyingine alishona vifuniko vya viti pale pale karakanani, alivuta kigoda karibu na deki ya kanda, kwa sababu deki ile ilikuwa na kiburi na haikumsikiliza mtu mwingine. Kisha mzee alisimama kando ya kioo na rula yake ya mbao, kanda ya mieleka ya enzi za ujana wake ikaanza kucheza, naye akaanza kukosoa.

“Simamisha hapo, mama. Mtazameni huyu mpumbavu.”

Mpumbavu mwenyewe alikuwa ni yeye, ana nywele, ana kiuno, amevaa kaptura nyeusi ya kubana na amekunja uso kama mtu aliyekanyaga msumari.

“Kapigwa kofi. Sasa tazameni anaanguka lini. Mmeona? Watu wameshakwenda sokoni na kurudi. Kofi gani hilo? Lilitumwa kwa posta?”

Watu hoi kwa kicheko. Kwenye majigambo, yale maneno ya vitisho ambayo wanamieleka waliyamwaga mbele ya kamera kabla ya pambano, alikuwa mkali zaidi. “Anasema atamtafuna mtu mifupa, halafu macho yanahangaika kamera iko wapi,” alisema. “Mwenye hasira hatafuti kamera. Muongo huyo.” Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akijipendelea. Wenzake aliwasifu walipostahili na kuwasema walipostahili, na hicho ndicho kitu pekee alichojivunia uzeeni: kwamba juu ya kanda hasemi uongo.

Enzi hizo aliitwa Sumu, na alikuwa mbaya kuliko wabaya wote waliozunguka na kile kikundi cha mieleka kutoka ukumbi hadi ukumbi. Siku hizi kila mtu anajua kuwa mapambano yale yalikuwa kazi ya kupangwa. Wakati ule ungethubutu kusema hivyo ungekula kichapo kutoka kwa watazamaji. Walimrushia maganda, walimtemea mate, na bibi mmoja aliwahi kumchoma paja kwa mwavuli, kovu lake alilionesha kwa fahari kuliko picha za harusi. Adui yake wa kudumu alikuwa Jemedari, kipenzi cha watu. Sumu alipomnyemelea, ukumbi mzima ulisimama na kupiga yowe: “Jemedari! Nyuma yako!” Naye Jemedari aligeuza kichwa kwa madaha, na watu wakapagawa.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba wawili hao walikuwa chanda na pete. Katika chumba cha mazoezi, mlango ukiwa umefungwa, Jemedari ndiye aliyemfundisha Sumu kuanguka. “Kidevu kifuani!” alimfokea. “Ficha kidevu, mgongo ndio upokee. Ukiacha kichwa kitangulie, mkeo atapata kazi ya kukulisha.” Walikuwa na ishara zao pia. Kabla ya kunyanyuliwa juu, anayenyanyuliwa alimminya mwenzake mkono mara mbili, kwa siri, maana yake niko tayari, twende. Akiminya mara moja, maana yake acha, leo siwezi. Watazamaji waliona watu wanararuana, kumbe mikono inazungumza.

Nje ya mlango ule, kazi ilikuwa na mwiko. Mwema na mbaya hawasalimiani mbele za watu. Hawapandi gari moja, hawali meza moja, na hata msibani kila mmoja husimama upande wake. Mwenye kikundi alikuwa akisema watu wakiwaona mnacheka pamoja, kesho ukumbi mtupu. Ujinga mtupu, lakini ndio uliokuwa ujinga wa kazi yao, na waliushika kwa uaminifu ambao wengi wetu hatuna kwa mambo ya maana.

Kanda alikuwa nazo nyingi, lakini ya pambano la mwisho hakuwa nayo, wala hakuitafuta. Siku hiyo Sumu alimbeba Jemedari begani na kumpigiza chini kama walivyokubaliana, na Jemedari hakuinuka kama walivyokubaliana. Shingo iliumia. Mkono wa kushoto ukalala na haukuamka tena, mguu ukawa wa kukokota, na ushujaa ukaishia pale. Kinyozi wa jirani, mtu asiyejua kunyamaza, aliwahi kuuliza juu ya pambano lile katikati ya kicheko cha Jumapili. Mzee alichomoa waya wa televisheni ukutani, akaukunja taratibu, watu wakaenda zao.

Ndipo siku moja asubuhi, mzee akiwa amepiga magoti anabana kitambaa cha kochi kwa stapla, teksi ilisimama nje na mwanamke akaingia, funguo mkononi. Hakutoa shikamoo. Alisimama mlangoni akitazama pamba na mbao kana kwamba anatafuta mahali pa kutema.

“Wewe ndiye Sumu?”

“Zamani,” alijibu mzee, akainuka kwa kushikilia kochi. “Karibu, mwanangu.”

“Mimi si mwanao. Mimi ni binti yake Jemedari.”

Stapla ilimponyoka. Cherehani ya mkewe, iliyokuwa inanguruma kule pembeni, ilinyamaza.

Binti alitoa kanda kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya meza. “Nimeikuta kwenye sanduku la baba tulipokuwa tunapaka rangi chumba chake. Abiria wangu mmoja ndiye aliyenipa habari zako. Anasema kila Jumapili unakosoa mieleka ya zamani na kusema ukweli wote, humwogopi mtu. Basi nataka uikosoe hii.”

“Binti...”

“Sijamaliza. Nimekua namvisha baba shati. Namfunga vifungo mpaka leo. Tangu mdogo naambiwa alifanyiwa uchafu na Sumu, na yeye mwenyewe nikimuuliza, ananyamaza. Sasa nataka kusikia kwa mdomo wako, mbele ya watu wako hao wanaokuchekea. Ulimwangusha vile makusudi au hukumwangusha makusudi? Na baba nitamleta. Ameshakubali.”

“Amekubali mwenyewe?”

“Amesema, ‘Nipeleke.’ Basi.” Alifika mlangoni, akageuka. “Na kitu kimoja. Hospitali alilala miezi. Walikuja watu tusiowajua hata majina. Wewe hukuja.” Teksi ikaondoka.

Mchana huo karakana ilifungwa, jambo lisilotokea hata siku za mvua kubwa. Mzee na mkewe walikaa bega kwa bega kwenye kochi lisilo na kitambaa, wakaitazama kanda. Aliogopa, na hakuona haya kumwambia mkewe kuwa anaogopa. Miaka yote aliamini kuwa mkono wake wa kulia uliteleza, kwamba alimgeuza mwenzake vibaya hewani. Alikumbuka mkono wa Jemedari ukimminya mara mbili. Lakini jambo ukilikumbuka kila siku kwa miaka mingi linachakaa, na ilifika mahali hakujua tena kama aliminywa mara mbili au mara moja.

Walilitazama anguko. Wakarudisha. Wakalitazama tena. Mkono wake wa kulia haukuteleza. Ulikuwa mahali pake, safi kabisa, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuziona kwenye kanda zake.

“Sasa nini kilitokea?” aliuliza mkewe.

“Rudisha mwanzo. Kwenye majigambo.”

Jemedari alitokea kwenye kioo, kijana, kifua wazi, anamwapiza Sumu mbele ya kamera. Sauti nzuri, maneno yamepangika. Mtangazaji alikuwa upande wake wa kulia, akamuuliza swali, na Jemedari akageuka kumjibu.

“Simamisha!” Mzee alisogea hadi pua ikakaribia kioo. “Hageuzi kichwa. Umeona? Huyu mtu maisha yake yote aligeuza kichwa kwanza, kwa madaha, ndiyo ilikuwa alama yake. Hapa amegeuka kifua kizima, kama kabati. Shingo haigeuki. Alikuwa ameshaumia kabla hajaingia ulingoni.”

Walirudi kwenye anguko, na sasa alijua pa kutazama. Jemedari yuko hewani, anashuka, na kidevu hakiendi kifuani. Kinajaribu, kinaishia njiani. Kichwa kikatangulia. Mwalimu wa kuanguka alikuwa ameshindwa kufanya lile alilomfokea kila mtu alifanye.

Mkewe alivuta pumzi ndefu. “Basi si wewe. Umejitesa bure miaka yote hii! Jumapili utasema, na utalala usingizi.”

Mzee hakufurahi. “Nikisema, yeye atabaki na nini? Mkono hana, mguu hana. Alichobakiwa nacho ni kwamba mwanawe anaamini alionewa. Nimwambie binti yule kwamba baba yake alificha ugonjwa akaingia mwenyewe? Mbele ya kinyozi?”

“Na ukisema uongo, utabaki na nini wewe?”

Siku zilizofuata alipigilia misumari kombo, akakata kitambaa cha mteja kinyume cha maua yake, akamfokea mkewe juu ya uzi. Lakini kufika Jumapili alikuwa ameamua. Kazi ya mbaya ni kumbeba mwema ili watu wamwone mwema. Ndiyo kazi aliyoijua. Angembeba mara moja zaidi.

Siku hiyo watu walijaa hadi mlangoni, maana kinyozi alikuwa ametangaza habari kwa kila kichwa alichokinyoa. Jemedari aliingia ameshikwa kwapa na bintiye, fimbo mkono wa kulia, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Watu wazima walisimama. Mmoja alipiga makofi, akaona aibu, akaacha.

Wazee wawili hawakusalimiana. Jemedari alitazama mbele, Sumu akatazama ukuta. Wote waliona chuki. Huenda ilikuwa chuki, huenda ulikuwa ule mwiko tu, na Sumu mwenyewe hakuweza kutofautisha. Mgeni aliketishwa kwenye kochi la mbele kabisa, binti akakaa kwenye mkono wa kochi, funguo zikigongana kiganjani.

“Mama, peleka mbele,” alisema mzee. “Ruka majigambo. Tuanze na pambano.”

“Eh!” kinyozi alipaza sauti. “Mzee Sumu, tangu lini ukaruka majigambo? Si ndiyo utamu wenyewe!”

“Peleka mbele, nimesema.”

Binti aliona kuna jambo linarukwa. Alimtazama mzee, akamtazama baba yake. Deki ilikwaruza, kanda ikasogea mbele.

Alikosoa kama mtu anayetembea juu ya misumari. Alisema hapa nimechelewa, hapa nimekanyaga kamba, hapa mwenzangu amenipiga teke zuri sana. Kicheko kilitoka mara moja, chembamba, kikafa. Kila alipotaka kusimama juu ya jambo dogo, kanda ilisonga kuelekea lile kubwa. Kwenye kioo, Sumu kijana alimshika Jemedari kiunoni, akamwinua, akamweka begani.

“Simamisha,” alisema mzee.

Picha ilisimama ikitetemeka, mtu yuko hewani, miguu juu. Karakanani zilisikika springi za kochi zikilia chini ya makalio ya kinyozi.

“Sema sasa,” alisema binti. “Hapo ndipo.”

“Hapa,” mzee alianza, rula ikigusa kioo. “Hapa tazameni mkono wangu wa kulia. Huu mkono... kosa lilikuwa...”

“Sumu.”

Lilikuwa neno la kwanza la Jemedari tangu aingie. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ukumbi ungeitambua.

“Baba, mwache amalize,” alisema binti.

“Njoo uniinue,” Jemedari alimwambia Sumu. “Kochi lako linazama, bwana. Fundi gani wewe?”

Mzee aliweka rula chini. Alisogea, akainama mbele ya mtu ambaye alikuwa hajamgusa tangu siku ile, akanyoosha mkono. Jemedari aliiacha fimbo, akaushika kwa mkono wake mzima. Kiganja kilikuwa kikavu, chenye nguvu kuliko alivyotegemea. Hakuinuka. Alitulia hivyo, akimtazama Sumu machoni, na kiganja kile kikaminya. Kisha kikaminya tena.

Mara mbili. Aliminywa mara mbili. Mzee alijua papo hapo, bila shaka yoyote, kwamba hata siku ile aliminywa mara mbili, na machozi yakamtoka mbele za watu wote bila kuyazuia. Hakuna aliyeelewa kilichotokea isipokuwa watu wawili wale, na huyo mmoja pembeni ya deki aliyesimuliwa mara nyingi.

“Mama,” alisema Sumu, mkono ukiwa bado mkononi mwa mwenzake. “Rudisha nyuma. Kwenye majigambo.”

Alikosoa akiwa amekaa pale pale kwenye kochi, kwa sababu Jemedari hakumwachia. “Tazameni shingo. Anaulizwa swali, anageuka kifua kizima. Haya, mama, tupeleke kwenye anguko. Polepole. Tazameni kidevu. Kinatakiwa kiingie kifuani. Kimegoma. Mimi mkono wangu uko sawa, na sikujua mpaka wiki hii. Mtu huyu aliingia ulingoni shingo imeshakufa, na hakumwambia mtu.”

Minong'ono ilizagaa. Binti alikuwa amesimama. Hakumtazama Sumu, alimtazama baba yake.

“Ni kweli?”

“Iliumia kwenye mazoezi,” alisema Jemedari. “Nilisema itapoa. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, mwanangu. Wamekuja kuniona mimi.”

“Miaka yote hii nauliza, unanyamaza! Nimemchukia mtu huyu tangu sijui kufunga viatu!”

“Ndiyo. Niliona haya.” Alilitoa neno hilo bila kulipamba. “Kwamba mimi niliyewafundisha wote... Niliona haya kwako kuliko kwa mtu yeyote.” Kisha alimgeukia Sumu, kifua kizima, kama kabati. “La shingo ni langu. Lakini la kutokuja ni lako. Nilikuwa nasikiliza viatu kwenye korido. Kila viatu nilidhani ni wewe.”

Hilo lilimchoma Sumu kuliko mwavuli wa bibi yule. “Nilikuja,” alisema. “Nilifika getini. Wapenzi wako wamejaa, wanakuombea. Nikasema wakiniona naingia kukusalimu, si nitakuharibia kazi? Nikarudi. Nikasema nitakuja kesho. Kesho ikawa nzito, keshokutwa ikawa nzito zaidi.”

“Kazi gani tena, Sumu? Nilikuwa siwezi hata kujikuna.”

“Najua.”

“Ujinga huo.”

“Ujinga,” alikubali Sumu. “Nisamehe.”

Kwenye kioo, kijana yule alikuwa bado hewani, anatetemeka, hajafika chini. “Zima kitu hicho,” alisema Jemedari. “Nipeleke kwenye gari. Wewe, si yeye.”

Binti aliokota fimbo. Alipofika mbele ya fundi makochi alisimama, midomo ikimcheza, na mtu angedhani anataka kumtukana. “Shikamoo,” alisema, kwa sauti ya mtu anayelipia kitu ambacho bado hajaamua kama anakitaka.

“Marahaba, mwanangu,” alisema mzee, na safari hii hakukatazwa.

Karakana ilikuwa na mlango wa uani, unaotokea kichochoroni. Miguu ya Sumu, kwa mazoea, ilianza kuelekea huko. Jemedari alimvuta. Walitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, mbaya amemshika mwema mkono, hatua moja baada ya nyingine kwa sababu ya ule mguu wa kukokota. Teksi ilikuwa ng'ambo ya barabara. Watu wa Jumapili walijazana mlangoni nyuma yao, na kwa mara ya kwanza hata kinyozi hakuwa na la kusema.

Mshona viatu wa pale kona, mzee wa rika lao, aliinua macho kutoka kwenye soli. Alimwona Jemedari. Kisha akaona ni nani aliye ubavuni mwake, nusu hatua nyuma. Kiatu kikamdondoka, akasimama na kupiga yowe kama alivyopiga ujanani, kwa hofu ya kweli kabisa:

“Jemedari! Nyuma yako!”

Jemedari alisimama katikati ya barabara. Kichwa hakikugeuka, kwa hiyo aligeuka mwili wote, polepole, na Sumu akageuka naye, maana mikono ilikuwa haijaachana.

“Namwona, bwana,” alisema Jemedari. “Namwona.”